Hamali wa Karatasi

Mtu anunuapo kitabu hutazama jalada lake, akauliza bei, kisha akafungua ndani. Ni wachache sana wanaokigeuza wakatazama juu ya mgongo wake, pale ambapo karatasi zilizokunjwa huonekana zimelala ubavu kwa ubavu. Katika Mji wa Kale wa Mombasa alikuwako mzee mmoja ambaye hakuweza kushika kitabu chochote bila ya kuanza hapo, akikisogeza karibu na macho na kuihesabu mikunjo kwa ukucha wa kidole gumba. Alifanya hivyo dukani, alifanya hivyo afisini, na siku moja alifanya hivyo mbele ya mwalimu mkuu aliyemwita shuleni kumweleza utundu wa mjukuu wake. Mwalimu alikuwa akisema, na mzee alikuwa akilikagua daftari la mahudhurio.

Desturi hiyo aliipata ujanani. Katika miaka ya 1950 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa kilichokuwa ndani ya nyumba ya ghorofa, katika kichochoro kisicho mbali na Ndia Kuu. Jina la kiwanda halina faida hapa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuchukua.

Yafaa msomaji ajue nini kilichochukuliwa. Kitabu hakipigwi chapa ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupigwa kurasa nane upande huu na kurasa nane upande huu, wala si kwa kufuatana. Upande mmoja hupata ukurasa wa 1, 4, 5, 8, 9, 12, 13 na 16. Upande wa pili hupata zilizobaki, na nyingine kati yake husimama kichwa chini. Ikisha kukunjwa mara tatu, kurasa zote 16 hujipanga kama zitakiwavyo. Asiyeamini na atwae karatasi, aikunje mara tatu, aandike namba pembeni kwa kufuatana, kisha aikunjue aone. Karatasi hiyo iliyokwisha kukunjwa ndiyo iitwayo hapa mkunjo. Kitabu cha kurasa 112 kina mikunjo saba. Waarabu huliita fungu la namna hiyo kurrasa, na ndiko lilikotoka neno letu ukurasa, ingawa siku hizi kila mtu hulitumia kwa upande mmoja wa karatasi tu.

Katika nyumba ile mashine ilikuwa chini kwa sababu ya uzito wake, na meza za kukunjia zilikuwa juu kwa sababu ya mwanga. Katikati palikuwa na ngazi nyembamba ya mbao. Karatasi zilipokauka wino, kijana alizipandisha begani. Juu zilikunjwa kwa mkono, na kila mkunjo ukalainishwa kwa kipande cha mfupa. Kisha akaishusha mikunjo hiyo ikagandamizwe chini ya mawe, akaipandisha tena kwenye meza ndefu ya kupangia. Pale aliweka marundo saba kwa safu, na watu wakaizunguka meza wakiokota mmoja mmoja kutoka kila rundo. Aliyemaliza mzunguko mmoja alikuwa ameshika kitabu kizima, kikingoja sindano, uzi na gundi. Basi kila kitabu kilipanda na kushuka ngazi ile mara nyingi kabla ya kuwa kitabu.

Hakuna aliyeiona kazi hiyo kuwa kitu. Mombasa ni mji wa wachukuzi tangu zamani. Makuli wa Bandari ya Kale na hamali wa mikokoteni walikuwa wengi, na kuanzia miaka ya 1890 hata miaka ya 1920 mabwana wakubwa walipita kisiwani wameketi katika vigari vidogo vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Mji huo huo ndio uliozaa gazeti la African Standard mwaka 1902, lililoanzishwa na Bwana A. M. Jeevanjee, likahamia Nairobi mwaka 1910. Ndio ambamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Al-Islah mwaka 1932. Waandishi wa magazeti hayo wanatajwa hata leo. Lakini kila nakala ilikunjwa na mtu, na mtu akaibeba.

Mkunjo huwa na herufi ndogo chini ya ukurasa wake wa kwanza: A kwa mkunjo wa kwanza, B kwa wa pili, na kuendelea. Kijana aliambiwa azifuate herufi hizo awekapo marundo. Aliona haya kusema kwamba hazijui. Alizikariri sura zake kama mtu akaririvyo nyuso za wageni, na kwa miezi kadhaa mambo yakaenda salama.

Ndipo kilipokuja kitabu cha ukulima kwa ajili ya wakulima wa pwani. Mwenye kiwanda alikuwa na haraka, jioni ilikuwa imeingia, na taa ya juu ya meza ilikuwa dhaifu. Kijana alilitwaa rundo la G akaliweka mahali pa C, na la C akaliweka mahali pa G. Mwenye kuzitazama herufi hizo mbili kwa jicho la mgeni hataona ajabu. Waokotaji wakazunguka meza, washonaji wakashona, na asubuhi yake nakala mia kadhaa zikatoka.

Kosa halikugunduliwa kiwandani. Liligunduliwa na mkulima wa Kisauni, aliyevuka Daraja la Nyali kwa miguu, lile la zamani lililoelea juu ya maji kuanzia 1931 hadi 1980, akikichukua kitabu chake ndani ya kitambaa. Aliingia, akaamkia, akakaa, akangoja mpaka akaulizwa haja yake.

“Bwana,” akasema, “kitabu hiki kimeniambia nichimbe shimo la mnazi, nami nimechimba. Nimefungua ukurasa wa pili yake, kinaniambia nipasue nazi nianike mbata. Nataka kujua hiyo miaka saba imepitia wapi.”

Wafanya kazi walicheka, ila mmoja. Mwenye kiwanda hakucheka hata kidogo. Vitabu vilirudishwa vyote vilivyoweza kupatikana, vikafumuliwa nyuzi na kushonwa upya. Kijana alikatwa mshahara, na, jambo lililomuuma zaidi, akaambiwa mbele ya wote kwamba mtu asiyejua kusoma hana haki ya kushika vitabu. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi atafute kazi nyingine.

Maneno hayo hayakuwa kweli. Kijana yule alikuwa amekaa chuoni tangu utoto wake, naye alisoma Msahafu bila ya kusita. Lakini mara nyingi katika siku zile mtu aliyejua herufi za Kiarabu peke yake alihesabiwa kuwa hajui kusoma, na kibaya zaidi ni kwamba mwenyewe naye alikuja akakubali.

Asiyekubali alikuwa mjalidi wa kiwanda, mtu mzima mwenye vidole vilivyogandwa na gundi. Jioni ile alimwita kando.

“Mwanangu, chuoni ulihitimu?”

“Nimehitimu, fundi. Mara mbili.”

“Na Msahafu ukifumuka, karatasi zikatawanyika sakafuni, mwalimu wenu alizipangaje?”

Kijana akaeleza. Katika misahafu ya zamani, chini ya ukurasa wa kulia huandikwa neno la kwanza la ukurasa wa kushoto unaofuata. Huhitaji namba. Hulitwaa neno lile na kumtafuta mwenzake. Wanakili wa Siyu, kule Pate, waliojulikana pwani nzima kwa kunakili Misahafu, walifanya hivyo, na misahafu iliyopigwa chapa kwa mawe huko Bombay ilifanya hivyo pia.

“Basi wajua kazi hii kuliko waokotaji wangu wote,” akasema mjalidi. “Tatizo lako ni herufi ishirini na tatu tu.”

Asubuhi alikwenda kwa mwenye kiwanda, akasema maneno ambayo hayakusikiwa na mtu wa tatu, na habari ya mwisho wa mwezi haikutajwa tena. Kisha akampelekea mpanga herufi ombi. Tangu siku ile kila karatasi ilipigwa alama nyeusi, fupi kama kipande cha kiberiti, mahali ambapo mkunjo ungekuwa na mgongo. Alama ya mkunjo wa kwanza ilikuwa juu kabisa, ya pili chini yake kidogo, ya tatu chini zaidi. Kitabu kikisha kupangwa na kutazamwa mgongoni, alama hizo hufanya ngazi inayoshuka. Mkunjo ukikosekana, ngazi hukatika. Ukirudiwa, alama mbili husimama sawasawa. Ukikosewa mahali, ngazi hupanda pale inapopasa kushuka, na jicho huona kwa mara moja, hata jicho lisilojua A wala B. Mjalidi hakuibuni alama hiyo. Viwanda vikubwa vya ng'ambo vilikuwa vikiitumia. Bali ndiye aliyeileta katika kichochoro kile.

Kuhusu zile herufi ishirini na tatu, kuna jambo la kuchekesha kidogo. Wapiga chapa wa Kiingereza, kwa kufuata desturi ya kale, walipotia mikunjo alama hawakutumia herufi zote 26. Waliacha J, V na W. Kijana alijifunza herufi za Kizungu kutoka miguuni mwa mikunjo, kwa hiyo alizijua Q na X, ambazo Kiswahili hakina haja nazo, asijue J, V wala W. Alipoingia darasa la jioni la watu wazima, mwalimu alimwambia aandike jina lake ubaoni. Alisimama na chaki mkononi muda mrefu. Jina lake lilianza kwa J.

Taabu ya kuchukua mikunjo haikuwa ya Mombasa peke yake. Mwaka 1814 gazeti la The Times la London lilianza kupigwa kwa mashine ya mvuke ya Friedrich Koenig, karatasi 1,100 kwa saa, na watu wakastaajabu. Lakini karatasi zile zilitolewa kwa mkono na kukunjwa kwa mkono. Kadiri mashine ya kupiga ilivyozidi mbio, ndivyo watu wa kukunja na kubeba walivyozidi kuachwa nyuma. Mmarekani William Bullock alipata hati ya kubuni mashine inayolishwa na karatasi ndefu ya bunda mwaka 1863. Mwaka 1867, akiwa Philadelphia kuitengeneza mojawapo ya mashine zake, alijaribu kuurudisha ukanda wa kuendeshea mahali pake kwa kuupiga teke. Mguu wake ukanaswa na kupondwa, naye akafa siku chache baadaye. Wako mafundi hata leo wanaoupiga ukanda teke.

Mwaka 1875 Stephen Tucker, wa kiwanda cha Hoe huko New York, alipata njia ya kukunja kwa rola zinazozunguka, na hapo ndipo mkunjo ulipoanza kutoka mashinini umekwisha kukunjwa. Ikabaki kuuchukua. Katika mitambo ya magazeti mikunjo huangukia katika gurudumu lenye mabawa, nalo huilaza juu ya ukanda unaokwenda, kila nakala ikiifunika nusu ya mwenzake. Aliyewahi kutazama makuti yakiezekwa juu ya paa ameiona sura yake. Sababu ya kulazana hivyo ni kwamba ukanda huweza kwenda polepole ingawa mashine inakimbia, na polepole ndiyo salama ya karatasi.

Lakini makuti hayo huteleza, hasa penye kona na penye mlima. Mwaka 1957 Walter Reist alianzisha kiwanda cha Ferag nchini Uswisi, na kiwanda hicho kilipata sifa kwa mnyororo wenye koleo. Kila koleo hushika nakala moja tu kwa mkunjo wake, na nakala huning'inia kama nguo kambani, zikipita juu ya vichwa vya watu, zikipanda ukutani, zikiteremka mahali pa kufungashia. Ipo mitambo inayotoa nakala zaidi ya 70,000 kwa saa moja, na mnyororo huzichukua zote bila ya kuangusha.

Kwa vitabu na vijarida njia ni mbili. Vijarida vyembamba hushonwa kwa waya penye mkunjo. Mashine huifunua mikunjo na kuipandisha juu ya mnyororo, mguu huku na mguu huku, kama shogi juu ya mgongo wa punda, na kila inapopita sanduku jingine huongezewa shogi la pili, la tatu, mpaka ifike penye waya. Vitabu vinene hupangwa kwa njia ya pili. Masanduku husimama kwa safu, kila moja lina rundo la mkunjo wake. Mkono wa chuma hunyonya mkunjo wa chini kwa nguvu ya upepo, koleo huuvuta, na chini yake mnyororo wenye meno husukuma kitabu kinachokua kutoka sanduku hata sanduku. Ni ile ile meza ya kichochoroni, ila hapa watu wamesimama na meza ndiyo inayotembea.

Mashine ya namna hiyo ndiyo aliyokwenda kuiona mzee wetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mjukuu wake, yule mtundu, alikuwa amepata kazi katika kiwanda upande wa Shimanzi, na kazi yake ilikuwa kujaza masanduku. Mzee alivaa kanzu safi na kofia ya kushona kana kwamba anakwenda arusini.

Alisimama kitambo kirefu bila ya kusema neno. Mashine ilikuwa na kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati. Halafu akainama sikioni pa kijana.

“Mjukuu wangu, ikiokota miwili kwa pamoja?”

“Husimama, Babu. Pana kipimo cha unene hapa. Ukizidi au ukikosekana, taa nyekundu huwaka.”

“Na ukiuweka wa saba katika sanduku la tatu?”

Kijana akakuna kichwa. Mikunjo yote ina kurasa 16, unene wake ni mmoja. Kipimo hakiwezi kutofautisha. Mashine ingeendelea kwa furaha mpaka jioni.

“Kumbe naye hajui kusoma,” akasema mzee.

Ni kweli kwamba ziko mashine mpya zaidi zenye kamera juu ya kila sanduku. Kamera huutazama kila mkunjo na kuulinganisha na ule wa kwanza, na usipolingana husimamisha kazi. Lakini ule wa kwanza huonyeshwa na mtu. Akiionyesha usio wake, itaulinda usio wake kwa uaminifu mkubwa.

Walipokuwa bado wamesimama pale, taa nyekundu iliwaka na mnyororo ukakoma. Sanduku moja lilikuwa limeshindwa kunyonya. Mwendesha mashine alikitoa kitabu kilichopungukiwa, akakitupa ndani ya pipa la takataka pamoja na vingine, akabonyeza kitufe, kazi ikaendelea. Kwake yeye hesabu ilikuwa sahihi. Dakika moja ya mashine ilikuwa na thamani kuliko kitabu kimoja.

Mzee alikwenda penye pipa, akakitoa kile kitabu, akakigeuza mgongo kwenye mwanga. Ngazi ya alama nyeusi ilishuka vidato vinne, ikaruka, ikaendelea.

“Ni wa tano,” akasema. “Nipe wa tano mmoja.”

“Babu, si lazima. Hivyo vitakwenda kusagwa.”

“Nipe.”

Kijana alitazama alikokuwa msimamizi, kisha akachomoa mkunjo kutoka sanduku la tano akampa. Mzee alitenga karatasi kwa kidole, akauingiza mahali pake, akakigonga kitabu mara mbili juu ya ubao wa mashine ili kingo zilingane. Akakigeuza tena, akapitisha ukucha juu ya alama kutoka ya kwanza hata ya mwisho. Ndipo akakiweka juu ya rundo la vilivyo vizima, akainama ndani ya pipa kutoa cha pili.